Komredi wa Uhandisi na Kompyuta, Hizi Hapa Nafasi za Utafiti za Likizo Ndefu na Venye Utajua Zako ni Gani

Kila mwaka ikikaribia likizo ndefu, magrupu ya WhatsApp za campo hujaa linki. Utafiti Marekani, wiki kumi, unalipwa, keja juu yao. Wasee wanabonyeza, wanajaza fomu hadi saa tisa usiku, wanasumbua lec awaandikie barua, alafu wanangoja. Jibu halikuji. Na mara nyingi si juu alama zao zilikuwa mbaya. Ni juu hiyo nafasi haikuwa yao tangu siku ya kwanza, na imeandikwa wazi kwa huo ukurasa wa maombi, kwa ule mstari wenye watu huruka.

Tumekuchambulia hii mambo yote ndio uache kupoteza usiku wako bure. Kuna swali moja ukiliuliza mapema litakuokolea kazi mingi: pesa ya hii nafasi inatoka kwa nani? Ukijua nani analipa, utajua kama uko ndani ama uko nje.

Kwanza, hii kitu ni nini?

Tusichanganye mambo. Atachimenti ni kampuni inakuchukua ujifunze kazi. Shule ya likizo ni masomo, unakaa darasani na mara nyingi wewe ndiye unalipa karo. Utafiti wa likizo ni tofauti: unaingia kwa maabara ya profesa, unapewa swali moja dogo lenye hakuna mtu ana jibu lake bado, na unalifanyia kazi wiki nane hadi kumi na mbili. Wao ndio wanakulipa.

Wiki ya kwanza ni kusoma karatasi za utafiti na kuweka vifaa sawa. Hapo katikati ndio kuna noma: unaandika programu, unapima, matokeo yanakataa, unarudia. Mara moja kwa wiki unakaa na msimamizi wako, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wa udaktari, unamwonyesha umefika wapi. Mwisho unatengeneza bango la matokeo ama ripoti fupi na kuwaeleza watu kile umepata. Hata kama umepata kwamba ile njia yako haifanyi kazi, hayo pia ni matokeo.

Faida yake? Unapata barua ya mtu amekuona ukifanya kazi, si mtu ameona tu namba yako ya usajili kwa karatasi ya mtihani. Ukitaka masters ama PhD yenye inalipiwa, hiyo barua ina uzito sana.

Zenye mlango umefungwa kwa wengi wetu

Maarufu zaidi duniani ni REU ya Marekani. Inalipiwa na NSF, shirika la serikali yao la kufadhili sayansi. Chuo kikipata hiyo pesa, huchukua wanafunzi kama kumi hivi kutoka vyuo vingine, kuwapa pesa za matumizi, na mara nyingi kuwasaidia na malazi na nauli. Kuna za roboti, usalama wa mitandao, akili unde, vifaa vya umeme, madaraja, yaani kila kitu. Lakini hiyo ni pesa ya mlipa ushuru wa Marekani, kwa hivyo sheria inasema anayelipwa nayo awe raia wa Marekani ama mkaazi wa kudumu.

Kwa hivyo kama uko Juja, Eldoret ama Maseno na paspoti yako ni ya Kenya peke yake, ruka hiyo. Lakini kama familia yenu ilishinda Green Card na uko nayo mkononi, uko ndani kabisa. Kuna watoto wa Wakenya huko Minnesota na Texas wenye hawajui hii kitu ni yao. Watumie.

Na kama uko Marekani na viza ya mwanafunzi ya F-1? Pesa ya REU hautaiguza, lakini usikate tamaa. Sheria ya viza hiyo inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo chako, na wakati wa likizo unaweza kufanya saa zote za kazi. Ongea na profesa wako mwenyewe. Wengi wana pesa za utafiti zenye hazina masharti ya uraia. Hakikisha tu umepita kwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kuanza kazi.

RISE Germany ya DAAD ni stori kama hiyo, lakini hapa kinachoangaliwa ni chuo. Ni ya wanafunzi wa digrii ya kwanza walio kwa vyuo vya Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland. Unaenda Ujerumani kwa likizo na kuwekwa na mtafiti wa udaktari. Mkenya anayesomea Manchester asome masharti yake vizuri. Mkenya anayesomea Nairobi apumzike.

Globalink ya Mitacs huko Kanada nayo ni wiki 12, na hufuata orodha ya nchi washirika. Kabla ya kujaza chochote, fungua hiyo orodha ya mwaka huo uangalie kama nchi yenye unasomea iko. Haiko? Funga ukurasa, endelea na maisha.

Zenye ziko wazi kwa paspoti yako

Sasa tuje kwa mambo mazuri. Kuna taasisi zenye hazina wanafunzi wa digrii ya kwanza hata mmoja. Zinafundisha watu wa juu pekee, na kila mwaka zinatafuta vichwa vipya kutoka kila pembe ya dunia. Kwao, kukulipia ndege ukiwa third year ni njia ya kukuonja kabla hujaomba PhD. Ndio maana haziulizi umetoka wapi.

KAUST, Saudi Arabia. Iko Thuwal, kando ya Bahari ya Shamu, kaskazini mwa Jeddah. Programu yao inaitwa VSRP na huchukua miezi mitatu hadi sita. Imekuwa ikitoa dola 1,000 kwa mwezi, nyumba, tiketi ya ndege, bima na msaada wa viza. Wanataka uwe umefika mwaka wa tatu, na wastani wa alama wa 3.5 kwa 4. Kwa vile vyuo vyetu hutumia first class na second class, omba idara yako ikuandikie barua ya kueleza mfumo wetu wa alama, usijibadilishie mwenyewe.

OIST, Japani. Iko Okinawa. Huko unakaa miezi miwili hadi sita, wanalipia ndege, malazi na pesa za kila siku. Kuna vitengo vya roboti, mitambo ya kwanta na hesabu za ubongo. Uzuri wake ni kwamba haijafungwa kwa miezi ya Juni hadi Agosti, kwa hivyo kama semista yenu imesukumwa na mgomo bado unaweza kupanga.

ISTA, Austria. Iko Klosterneuburg, karibu na Vienna. Programu yao inaitwa ISTernship, wiki nane hadi kumi na mbili za likizo, na ina sayansi ya kompyuta, data, hesabu na fizikia.

Kando na hizo, kuna vyuo na maabara kubwa zenye pia hufungua mlango. EPFL ya Lausanne, Uswisi, ina Summer@EPFL kwa watu wa kompyuta na mawasiliano, kama miezi mitatu hivi. Taasisi za Max Planck za sayansi ya kompyuta, huko Saarbrücken na Kaiserslautern, Ujerumani, pia huchukua wanafunzi wa kila taifa. Ushindani hapa ni mkali, wacha tusidanganyane.

Alafu kuna CERN, kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Wengi hudhani ni ya watu wa fizikia peke yao, lakini maabara hiyo hutegemea sana wahandisi na watu wa kompyuta. Hata tovuti zenyewe, ile WWW ya mwanzo wa anwani, ilibuniwa hapo na Tim Berners-Lee mwaka wa 1989. Programu yao ya wanafunzi wa likizo inataka uwe umemaliza angalau miaka mitatu ya chuo. Kumbuka swali letu: CERN inalipiwa na nchi wanachama, na Kenya si mwanachama. Kwa hivyo unaingilia mlango wa nchi zisizo wanachama, wenye nafasi zake ni chache zaidi. Uko wazi, ila ni mwembamba.

Zenye unafanya ukiwa kwa keja yako

Kama paspoti bado ni ndoto, kuna njia mbili zenye hazihitaji ndege. Si utafiti wa maabara kabisa, lakini ziko karibu sana, na doh ni ya ukweli.

Google Summer of Code ilianza mwaka wa 2005. Unachagua shirika la programu huria, unaandika pendekezo la kitu utajenga, na ukichaguliwa unapewa mlezi. Kuanzia 2022 si lazima hata uwe mwanafunzi, bora uwe umefika miaka 18 na ni mgeni kwa programu huria. Malipo hutegemea ukubwa wa mradi na nchi yenye uko, kwa hivyo usishtuke ukiona msee wa Zurich analipwa zaidi yako. Siri ya kuchaguliwa ni kuingia mapema: rekebisha makosa madogo kwa programu yao miezi kadhaa kabla ya maombi, wakujue.

Outreachy hufanyika mara mbili kwa mwaka, miezi mitatu, na hulipa dola 7,000. Imelenga watu wenye wamebaguliwa ama wako wachache kwa teknolojia ya nchi yao. Dada zetu wa uhandisi, hii msiiache. Angalieni tu kalenda yenu ya masomo, juu wanahesabu wiki zenye uko huru kabla ya kukubali ombi lako.

Za hapa nyumbani, zenye watu hupuuza

Sasa sikiza hii vizuri. Kila nafasi tumetaja hapo juu itakuuliza umefanya nini tayari. Jibu linapatikana hapa hapa.

Mwaka wa 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiliwa angani kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Ilikuwa boksi la sentimita kumi kila upande. Iliundwa na timu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wakisaidiwa na shirika la anga la Japani. Haikuanzia Marekani, ilianzia kwa mlango wa idara.

Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina kituo cha DSAIL cha sayansi ya data na akili unde, na moja ya kazi zao ni kutumia kamera na sauti kufuatilia wanyamapori. Masakhane ni jamii ya watafiti Waafrika wanaofunza kompyuta lugha zetu, na unaingia ukiwa na laptopu na intaneti pekee. Kama unajua Kiluhya, Kidholuo ama Kikamba vizuri, hapo uko na kitu profesa wa Ulaya hana. Deep Learning Indaba, mkutano mkubwa wa akili unde wa Afrika, uliwahi kufanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka wa 2019, na hufanyika kwa nchi tofauti ya Afrika kila mara. Wanafunzi huomba ufadhili wa kuhudhuria.

Na kuna njia rahisi kuliko zote. Gonga mlango wa lec mmoja mwenye unajua anafanya utafiti. Mwambie una saa kumi kwa wiki hadi mwisho wa semista na unataka kumsaidia kusafisha data, kupima vifaa ama kurudia jaribio la karatasi fulani. Wengi watasema hapana. Unatafuta mmoja tu.

Kalenda: Mei umechelewa

Summer yao ni ile baridi yetu ya Julai, lakini maombi hufunguliwa mapema sana. Nyingi za Ulaya hufungwa kati ya Novemba na Februari. Google Summer of Code huchukua maombi kama Machi hadi mapema Aprili. KAUST huchukua mwaka mzima. Panga hivi:

Agosti na Septemba: chagua tano, si ishirini. Soma masharti ya uraia na mwaka wa masomo kabla ya kitu kingine chochote.

Oktoba: omba transkripti. Unajua ofisi zetu za mitihani. Kama kuna alama zimepotea, huu ndio wakati wa kuzifuata, si siku mbili kabla ya kutuma. Ombea pia paspoti kwa eCitizen.

Novemba: enda kwa malec wawili wa kukuandikia barua. Wapeleke CV yako, transkripti, linki ya nafasi na siku ya mwisho. Wakumbushe kwa heshima wiki moja kabla.

Desemba hadi Februari: tuma. Tuma siku tatu kabla, juu stima na intaneti hazijui siku yako ya mwisho.

Barua kwa profesa

Kuna nafasi hazitangazwi kabisa, unaandikia profesa moja kwa moja. Hapa ndipo wengi huanguka. Wanaandika barua moja, "Mheshimiwa Profesa", wanatuma kwa watu mia. Hiyo inaonekana ni ya mia moja hata kabla isomwe.

Andika fupi. Sema wewe ni nani, unasoma nini, wapi na mwaka gani. Taja karatasi yake moja yenye umesoma kweli, na swali moja lenye ilikuachia. Sema kitu kimoja umejenga ama umepima, uweke linki ya GitHub ama picha. Sema unapatikana tarehe gani hadi gani. Uliza kama ana nafasi na kama ina ufadhili. Basi. Akinyamaza, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, alafu songa.

Kwa GitHub usiweke miradi kumi yenye ulinakili YouTube. Mmoja wako mwenyewe, wenye maelezo safi ya venye unafanya kazi na mahali ulikwama, unatosha.

Viza, atachimenti na gharama zenye hakuna mtu hukuambia

Umekubaliwa? Hongera, lakini usianze kupiga sherehe. Uliza maswali matatu kwa maandishi.

Moja: nani analipa viza na bima, na lini? Kuna wanaokurudishia pesa baada ya kufika. Hiyo inamaanisha lazima uwe na chapaa ya kuanzia, na HELB haitaingilia. Uliza kama wanaweza kununua tiketi wao wenyewe. Wengi hukubali ukiuliza mapema.

Mbili: ni viza gani? Ya Schengen ya kawaida ni siku 90 pekee ndani ya siku 180, na kama una marupurupu inaweza kuwa si ile inafaa. Kwa Marekani, ukialikwa na chuo kama mgeni wa J-1, wao ndio wanakutumia fomu ya DS-2019, na bila hiyo hakuna mahojiano ya ubalozi.

Tatu, na hii ni ya hapa nyumbani: je, idara yako itaihesabu kama atachimenti? Kwa kozi nyingi za uhandisi hakuna kuhitimu bila atachimenti. Kuna msee anaweza kukaa maabara ya maana miezi mitatu, arudi apate idara inataka fomu ya kampuni na kitabu cha kazi cha kila siku chenye hakuna mtu alisaini. Nenda kwa mratibu wa atachimenti kabla ya safari, upate jibu kwa barua, na ubebe hicho kitabu msimamizi wako akisaini kila wiki.

Angalia pia mitihani. Kama yenu iko Julai na wao wanaanza Juni, waandikie mapema uombe tarehe zisukumwe. Wengine hukubali. Kukosa mtihani bila ruhusa ni kujitafutia sapu.

Matapeli

Sheria ni moja: utafiti wa ukweli hauombi M-Pesa. Akikuja "ajenti" anasema ana nafasi imebaki moja, tuma elfu tano ya kuihifadhi, mbloki. Angalia barua pepe inatoka kwa anwani ya chuo chenyewe ama ni ya Gmail. Ingia kwa tovuti ya taasisi wewe mwenyewe, usifuate linki ya grupu. Na mtu yeyote akikuitisha picha ya paspoti kabla hujatuma hata transkripti, jiulize anaitaka ya nini.

Zile programu zenye unalipa dola elfu moja "upate uzoefu wa utafiti", hata kama si utapeli, ni masomo umenunua. Hazifanani na maabara iliyokuchagua na kukulipa.

Sasa fungua daftari, andika majina ya nafasi tano, na mbele ya kila moja andika nani analipa na kama wewe uko kwenye watu wake. Zenye hauko, futa leo. Zenye zimebaki, hizo ndizo za kunyimia usingizi. Na kesho asubuhi kabla ya darasa, pitia kwa ofisi ya yule lec.